Polisi hawakuja

Naomba niisimulie mwenyewe, maana shosti wangu ameshaimwaga kwenye grupu la Waswahili wa Athens, na kwenye voisi yake eti polisi walikuja. Polisi hawakuja. Tuanzie hapo.

Kazi yangu mnaijua, namtunza bibi wa Kigiriki huku Kypseli. Jumamosi mwanawe kaja kutoka Uingereza na mkewe Mwingereza, kichanga chao, na mama mkwe wake. Kijana akashuka kununua vitamutamu, akaniachia ukalimani. "Kigiriki unajua, Kiingereza unajua." Kichwa kikavimba. Wewe ungekataa?

Bibi akampakata mjukuu. Kwanza akamtemea, ftou, ftou, ftou. Mate yenyewe hayatoki, ni ya kukinga kijicho tu, kama sisi tunavyompaka kichanga wanja kwenye paji. Mama mkwe alishachomoa kitambaa.

Bibi akaendelea: "Mana mou!" Nikatafsiri kuwa anamwita mama yake. Toto dume, ndiyo. Kwetu si tunawaita baba wakiwa bado wananyonya? Mimi sikuona ajabu.

Halafu akakishika kiguu cha mtoto, akakisogeza mdomoni. "Na se fao!"

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Anasema atamla."

Jamani. Yale macho yaliniacha mimi polepole, yakaenda kwenye meno ya bibi, yakashuka kwenye kile kiguu, kidole gumba kikiwa mdomoni tayari. Feni inazunguka. Hakuna anayepumua. Mimi nikadhani hawajanisikia, nikarudia kwa sauti.

Bibi kuona watu kimya akajua wameguswa. Machozi yakamlenga, akampiga mtoto busu la shingo: "Splachno mou!" Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini mtoto wa Tanga, niliyekuzwa na taarabu za nyonda mkalia ini, neno la tumboni linishinde? Nikalitafuta kwenye Kiingereza changu, nikalipata lile la buchani.

"Anasema mtoto huyu ni utumbo wake."

Wewe unayecheka, subiri, kengele inalia. Ni jirani wa chini na zawadi yake, kile kishanga cha bluu chenye jicho. Kinafungwa kwa pini. Pini ilikuwa wazi. Kaingia nayo mbele mbele moja kwa moja hadi kwa mtoto, anapaza sauti: "Na sas zisi!" Mama wa mtoto akanigeukia, midomo imemkauka. Nikaona huyu nimtulize kabisa, nimpe tafsiri kamili.

"Anasema inshallah mtoto atabaki hai."

Mama mkwe alikuwa ameshafungua kigari cha mtoto na anatafuta viatu. Mume karudi na boksi la galaktoboureko, kaeleza, wamecheka, wamekula, yameisha. Bibi mpaka leo anaamini wale wageni walitetemeka kwa upendo, na kaniambia Krismasi nitafsiri tena.

Sasa grupu zima linaniita Mkalimani wa Utumbo. Aliyelianzisha jina namjua, na ile hela ya kodi niliyomkopesha naitaka leo.