Kompyuta ya Mtumba Katika Ukumbi wa Taarab

Miongoni mwa mafundi mitambo wa bendi na vikundi vya taarab kuna kauli iliyokwisha kuwa kama sheria: kompyuta ya mtumba ni ya kuandikia barua, si ya kurekodia onyesho. Wanaoishikilia si watu wasiojua kazi, na wengi wao wameshaumia. Onyesho la ukumbini halirudiwi. Mwimbaji akishatunzwa na wenye shughuli, hakuna awezaye kumwomba aimbe upya ubeti wa tatu kwa sababu kompyuta ilikwama. Tena mashine iliyotumiwa na mtu mwingine kwa miaka saba au minane huja na mambo yake yaliyofichika: feni imejaa vumbi, betri imechoka, diski inaelekea ukingoni. Kwa hiyo wanashauri kikundi kisubiri mpaka kipate fedha za kompyuta mpya yenye nguvu, au za miksa inayorekodi yenyewe kwenye kadi.

Naziheshimu hoja hizo, lakini ushauri unaotokana nazo naona umeleta hasara kubwa kuliko ile inayoogopwa. Kikundi kinachosubiri miaka mitano kinapoteza maonyesho yote ya miaka mitano, na katika muda huo wapo wazee wa ganuni na udi wanaoondoka na mapigo yao. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay ili sauti zao ziingie kwenye santuri, kwa kuwa mtambo ulikuwa huko. Leo mtambo unaingia kwenye begi la mgongoni na kupelekwa ukumbini, na mara nyingi kinachouzuia usifike ni dhana kwamba lazima uwe wa bei kubwa.

Dhana hiyo inapimika kwa hesabu. Chaneli moja ya sauti, ikirekodiwa kwa biti 24 na sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, huzalisha baiti 144,000 kila sekunde. Kikundi chenye ganuni, udi, fidla, akodiani, besi, ngoma na waimbaji kinatosheka na chaneli 16, na kwa chaneli hizo zote kompyuta hupokea megabaiti 2.3 kwa sekunde. Namba hiyo ndogo inastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ubishi wote unaizunguka. Diski ya kizamani ya kuzunguka, ile iliyokuwapo kabla ya kuenea kwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ikiwa nzima huandika zaidi ya megabaiti 50 kwa sekunde. Kazi tunayoitwisha haifiki hata sehemu ya ishirini ya uwezo wake. Mlango wa USB 2.0, ambao kiwango chake kilitangazwa mwaka 2000, umeundwa kupitisha megabiti 480 kwa sekunde, na chaneli zetu 16 zinahitaji takriban megabiti 18 tu, maana baiti moja ni biti nane. Onyesho la saa nne linajaza gigabaiti 33 hivi, kwa hiyo SSD ya gigabaiti 240, ambayo ni miongoni mwa ndogo zilizopo madukani, inabeba maonyesho matano kabla ya kufutwa chochote. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikitafuta mahali ambapo kompyuta ya miaka minane ingeshindwa, na sijapaona.

Basi hadithi za kompyuta kukwama zinatoka wapi? Kwa sehemu kubwa zinatoka studio, kwenye kazi ya kuchanganya sauti, ambako fundi anaongeza mwangwi, anabana sauti, anasafisha kila chaneli kwa programu nzito, na prosesa inalemewa kweli. Kurekodi ni kazi nyingine: kompyuta inapokea na kuhifadhi, basi. Kuchanganya kunafanyika baadaye nyumbani, na mashine ikichukua usiku kucha kuutoa wimbo mmoja, hakuna bibi harusi anayesubiri. Vivyo hivyo kuhusu bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kwanza kabla ya kulishughulikia. Studio huiweka kwenye sampuli 64 ili mwimbaji ajisikie bila kuchelewa, na kompyuta dhaifu hukatakata sauti kwa kasi hiyo. Ukumbini wanamuziki wanajisikia kupitia miksa na spika zao, si kupitia kompyuta, kwa hiyo bafa inaweza kuwekwa sampuli 1,024 au zaidi. Kuchelewa kwa milisekunde 21 hakumdhuru mtu yeyote, ilhali mashine inapata nafasi ya kupumua.

Zipo hitilafu za kweli, ila hazina uhusiano na bei. Wi-Fi iliyoachwa wazi huikatiza kompyuta katikati ya kazi. Masasisho huanza kujipakua. Mpango wa kuokoa umeme huilaza diski. Yote hayo yanazimwa kwa dakika kumi, na hata kompyuta mpya ya mamilioni itakatakata sauti yasipozimwa. Wengine wanakumbusha kwamba huduma ya kawaida kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Ni kweli, na kwa mashine inayofanyia shughuli za benki ni jambo zito. Kwa mashine isiyounganishwa na intaneti, yenye kazi moja tu ya kurekodi, uzito huo unapungua sana. Na anayetaka usalama zaidi anaweza kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na programu ya kurekodia iitwayo Ardour.

Mahali ambapo wapinzani wako sahihi kabisa ni kwenye umeme. Chaja ikichomekwa kwenye soketi iliyo mbali na miksa, mara nyingi huingiza ngurumo ya chini inayosikika katika kila pumziko la udi, na ikishaingia haitoki kirahisi. Dawa yake ni kuchukua umeme pale pale unapotoka wa miksa, au kufanya kazi kwa betri. Lakini betri ya mtumba mara nyingi haidumu, kwa hiyo betri mpya ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya kompyuta.

Nilikuwa katika ukumbi mmoja wa harusi mjini Unguja umeme ulipokatika, saa nne na robo usiku, wanawake wakiwa wamesimama kwenye mstari wa kwenda kutunza. Miksa ilizimika, spika zikanyamaza. Kompyuta iliendelea kuwaka kwa betri yake mpya, na kila kilichorekodiwa hadi sekunde ile kilikuwa salama kwenye diski, kwa sababu programu huandika papo kwa papo bila kusubiri wimbo uishe. Gizani fidla moja haikusimama. Dumbaki ikaifuata, kisha ukumbi mzima ukaitikia kiitikio bila kipaza sauti hata kimoja. Dakika zile sita, kabla ya jenereta kuwashwa, zilinaswa na kinasa sauti kidogo cha betri za tochi nilichokuwa nimekiweka juu ya kabati la soda kama akiba. Ndicho kipande ambacho wenye shughuli wamekiomba mara nyingi zaidi.

Kompyuta ya bei yoyote isingeweza kukinasa, kwa kuwa miksa yenyewe ilikuwa imekufa. Ndiyo maana namwambia mwenye bajeti ndogo: kinachobaki baada ya kununua mashine ya mtumba akitie kwenye SSD mpya, betri mpya, maikrofoni nzuri ya ganuni na kinasa cha akiba, badala ya kukifukuzia prosesa. Penye mkataba wa malipo makubwa, wa filamu au wa matangazo ya moja kwa moja, ninakubaliana na wenzangu kwamba ikodiwe mashine ya pili yenye nguvu, maana hapo deni la kosa ni la mtu mwingine.

Kabla ya kuipeleka popote, kompyuta ijaribiwe nyumbani: chaneli zote 16 ziwashwe, irekodi kwa saa nne mfululizo katika joto la mchana bila feni ya chumba, na katikati chaja ichomolewe. Kisha rekodi isikilizwe yote kwa hedifoni. Sauti isipokatika hata mara moja, siku ya onyesho kompyuta inaweza kwenda ukumbini.