Zamani yetu haikuwa ngozi na shanga tu

Ukisema Moshi kwamba unashona gauni la mwaka 1810 ili ulivae Jumamosi moja, watu watakuuliza nani anaolewa. Huku Uingereza hawaulizi. Kila Septemba mji wa Bath unajaa watu waliovaa kama enzi za Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya aliyeishi pale kati ya 1801 na 1806: akina mama na magauni yaliyobana chini tu ya matiti, akina baba na makoti ya mkia. Si waigizaji hao. Ni wauguzi, makarani, walimu waliostaafu, na wengi wamejishonea wenyewe.

Mimi naishi Bristol, jirani kabisa na Bath kwa treni, na kazini kwetu yuko mama mmoja ambaye huu ndio ugonjwa wake. Kosetu anazoshona, zile nguo za ndani za kubana kiwiliwili, zamani zingetiwa zile fito laini za mdomoni mwa nyangumi ili zisimame. Yeye anatia zile kamba za plastiki ambazo fundi umeme anafungia nyaya. Lakini mshono lazima uwe wa mkono, maana Singer alipata hataza ya cherehani yake 1851, na gauni la 1810 likipitishwa kwenye mashine kwake ni uongo mtupu. Kitambaa anachukua wapi? Mapazia na mashuka ya pamba kutoka maduka ya hisani, ya aina ile ile tunayoikuta kwenye mabelo pale Memorial, soko la mitumba Moshi.

Ndugu zangu wakisikia haya wanasema wazungu wana muda. Muda gani? Huyu mama anapiga shifti za usiku kama mimi. Ninavyoona, huku fundi ametoweka mtaani. Kupunguza suruali tu unaweza kulipa hela ya suruali nyingine, basi kushona kumebaki kuwa burudani. Kwetu fundi bado yuko barazani na cherehani ya miguu, anakuahidi Alhamisi na nguo unaipata Alhamisi nyingine. Mtu anayelisha watoto kwa sindano hawezi kuiona sindano kama mchezo, na hilo silibishii.

Ninalobishia ni jingine. Siku tukiamua kuvaa ya zamani, tunakimbilia ngozi na shanga. Siku ya utamaduni shuleni, mtoto wa Kichaga anafungwa kitambaa chenye madoa ya chui, anashikishwa kibuyu cha mbege, picha inapigwa, historia imekwisha. Mwingine anajitanda khanga na kuiita vazi la tangu enzi na enzi, ilhali khanga ilizaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19. Ile sketi ya Ulaya yenye tenga la waya za chuma, iliyopewa hataza 1856, ni dada yake mkubwa!

Na wale bibi zetu waliopiga picha studio? Msimu wa kahawa, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, imeshalipa, mtu anashuka mjini na gauni la marinda, kola ya lasi, soksi nyeupe. Zikaja bugaluu, suruali pana chini, na raizoni, viatu vya soli nene, zikaja Kaunda suti. Nguo hizo zilikuwa na siasa ndani yake: 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya minisketi, mawigi na suruali za kubana, na miaka hiyo hiyo kule Arusha serikali ilikuwa inawasukuma Wamasai waache rubega wavae suruali. Niambie kama hiyo si historia ya kuishonea nguo.

Waliozikata bado wapo. Likizo iliyopita nilikaa na mzee mmoja fundi karibu na Soko Kuu Moshi, akanieleza marinda ya tetroni, kile kitambaa cha poliesta. Unayapiga bandi yote kwanza, yaani mshono wa muda wa mkono, halafu unatandika kitambaa kibichi juu ndipo upitishe pasi ya mkaa, maana ukiigusisha moja kwa moja tetroni inajikunja na kunata kwenye chuma. Bandi unaiachia mpaka nguo ipoe. Alikuwa anaeleza huku mikono yake inakunja hewa. Wanafunzi wake wawili walikuwa hapo hapo, wanatia zipu kwenye sare za shule, na nina shaka kama waliwahi kumuuliza.

Nataka kushona gauni la bibi yangu, lile alilopigia picha studio, na nilivae Bath katikati ya wale wa Jane Austen. Nimemwomba shangazi wa Kibosho aligeuze ndani nje, apige picha mishono, bitana na upindo kabla halijawa dekio. Akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, huko wamekunyima nguo?" Lakini picha ametuma, hadi za kwapani. Kilichobaki ni kitambaa. Kama kuna anayejua duka la Moshi au Arusha lenye tetroni ya zamani kwa yadi, rangi ya maziwa au buluu mpauko, aniandikie.