Pointi tatu za Monza: McLaren ilimtendea haki nani?

Msimu wa langalanga (Formula 1) wa 2025 uliisha Abu Dhabi kwa Lando Norris kutwaa ubingwa wa dunia akiwa na pointi 423. Max Verstappen wa Red Bull alimaliza na 421, na Oscar Piastri, mwenzake Norris katika timu ya McLaren, akawa wa tatu na 410. Raundi 24, tofauti pointi mbili. Ukizipitia hesabu hizo kurudi nyuma unafika Monza, Italia, tarehe 7 Septemba, siku McLaren ilipomwamuru Piastri amwachie Norris nafasi ya pili. Nafasi ya pili ina pointi 18, ya tatu ina 15. Iondoe amri ile, mengine yote yaache yalivyo, Norris anamaliza na 420 na bingwa anakuwa Verstappen.

Kwa hiyo amri ile ni ya kujadiliwa kwa makini. Wengi wanaoitetea na wengi wanaoilaani wanaruka jambo moja: nini hasa kilitokea.

Verstappen alikuwa mbele, akifuatwa na Norris, kisha Piastri. Desturi ya timu ni kwamba gari lililotangulia ndilo linaloitwa kwanza kubadili matairi, kwa sababu anayevaa matairi mapya mapema anapata kasi ya kumruka mwenzake bila hata kumkaribia barabarani. Siku ile timu ilitaka kumwita Piastri kwanza, akingwe dhidi ya Charles Leclerc wa Ferrari aliyekuwa nyuma yake. Norris akaulizwa kama anaafiki. Akakubali, mradi mpango huo usimpokonye nafasi yake, naye akahakikishiwa kwamba hautampokonya. Piastri akaingia, mafundi wakamaliza chini ya sekunde mbili. Mzunguko uliofuata akaingia Norris, gurudumu la mbele kushoto likagoma kufungwa, gari likakaa pale karibu sekunde sita. Aliporudi barabarani Piastri alikuwa mbele yake. Ndipo amri ikatolewa redioni. Piastri alijibu kwamba walikwisha kukubaliana kuwa mafundi kuchelewa ni sehemu ya mbio, kwa hiyo haoni kilichobadilika, ila wakitaka afanye, atafanya. Akapunguza mwendo, Norris akapita.

Tumsikilize Piastri kwanza, maana hoja yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Alifika Monza akiongoza msimamo kwa pointi 34. Wiki moja kabla, Zandvoort, gari la Norris lilikufa akiwa wa pili, mafuta yakivuja, na Piastri akashinda. Hakuna aliyesema pointi 18 za Norris zirudishwe, wala haikuwezekana. Sasa, ikiwa injini ya timu ikifa dereva anabeba hasara mwenyewe, kwa nini nati ya gurudumu ikigoma kwa sekunde nne hasara ile ahamishiwe mwenzake? Mashine ni ya timu ileile na mafundi ni wa timu ileile. Timu ikianza kufidia bahati mbaya, lazima iseme inafidia ipi na inaacha ipi. McLaren haikusema. Tena nati ile ingeweza kugoma hata kama Norris angeingia kwanza, naye angepoteza nafasi vilevile, na hapo hakuna ambaye angedai kitu.

Norris naye ana lake, na ndilo linalonifanya niegemee upande wake kwa siku ile moja. Alikuwa na haki ya kuingia kwanza, akaiachia timu kwa kuwa aliahidiwa. Ahadi ni deni. Angeambiwa kwamba mafundi wakichelewa nafasi imekwenda, huenda angekataa na kuingia mwenyewe. Dereva asiyeamini neno la timu redioni hatakubali tena kuisaidia timu katika jambo lolote, na mbio za namna hii, za magari mawili ya rangi moja, haziendeshwi bila kuaminiana kwa kilomita mia tatu. Kwa hoja hiyo amri ilikuwa sahihi. Kosa la timu lilikuwa la dakika chache kabla, pale ilipotoa ahadi isiyo na mipaka kwa kitu ambacho haikikamati mkononi, yaani mikono ya fundi mwenye bunduki ya kufungia gurudumu.

Kuna mfano mwingine ambao watetezi wa Piastri huukwepa. Julai 2024, Hungary, Piastri alikuwa akiongoza na Norris wa pili. Timu ikamwita Norris kwanza ili kumzuia Lewis Hamilton aliyekuwa nyuma, na mpango huo ukamfikisha Norris mbele. Akaombwa arudishe. Alibishana na mhandisi wake kwa mizunguko mingi, lakini mbio zilipokaribia kuisha alirudisha, na Piastri akapata ushindi wa kwanza wa maisha yake katika langalanga. Wakati ule Norris ndiye aliyekuwa akimfukuza Verstappen kwenye msimamo, na pointi saba alizoziachia hazikuwa kidogo. Aliyepokea Hungary hawezi kukataa kulipa Monza. Hata hivyo kesi hizi mbili hazilingani kabisa: Hungary nafasi ilihamishwa na uamuzi wa timu peke yake, Monza uamuzi wa timu ulichanganyika na hitilafu. Na mchanganyiko huo ndio uliomwacha Piastri na kinyongo ambacho naona ni halali.

Historia ya timu hii hii inaonyesha tofauti ya makubaliano yaliyo wazi na yale ya kukisia. Mwaka 1988 McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16 ikiwa na Ayrton Senna na Alain Prost. Prost alikusanya pointi 105 na Senna 94, lakini kanuni ya wakati ule ilihesabu matokeo 11 bora tu ya kila dereva, kwa hiyo taji likaenda kwa Senna, 90 kwa 87. Unaweza kuichukia kanuni ile, ila wote wawili waliijua kabla ya mbio ya kwanza. Mwaka uliofuata, Imola, wakapatana kwa mdomo kwamba atakayewahi mwanzoni asishambuliwe kwenye kona ya kwanza. Ajali mbaya ya Gerhard Berger ikasimamisha mbio, zikaanzishwa upya, Prost akawahi, Senna akampita. Je, mapatano yalihusu mwanzo wa pili? Prost alisema ndiyo, Senna alisema hapana. Uhusiano wao uliharibika pale, ubingwa ukaamuliwa Suzuka kwa magari mawili ya McLaren kugongana, na Prost akahamia Ferrari. Wanaume wawili wenye akili kubwa, na hakuna aliyekaa nao chini kuwaandikia sentensi mbili kuhusu mbio zinazoanzishwa upya.

Upande wa pili wa mjadala unasema haya yote ni anasa: chagua dereva namba moja, mwingine amsaidie, kazi iishe. Na hoja hiyo ina ushahidi. Usawa hauigharimu timu kitu pale ambapo hakuna mpinzani wa tatu. Mwaka 2016 Nico Rosberg na Hamilton waligombana msimu mzima, wakagongana Hispania mzunguko wa kwanza, na bado mmoja wao, Rosberg, akawa bingwa, kwa kuwa hakuna timu iliyofikia kasi ya Mercedes. Akitokea wa tatu, hali ni nyingine. Mwaka 1986 Nigel Mansell na Nelson Piquet wa Williams waligawana pointi mpaka Prost akawapita wote: 72, 70, 69. Mwaka 2007 Hamilton na Fernando Alonso wa McLaren walimaliza na 109 kila mmoja, Kimi Räikkönen akachukua taji kwa 110. McLaren ilikuwa na kumbukumbu hiyo nyumbani kwake, na mwaka 2025 ilikaribia kuirudia. Baada ya Zandvoort Verstappen alikuwa nyuma ya Piastri kwa pointi 104. Mwisho wa msimu alimpita Piastri na kubaki pointi mbili tu chini ya Norris.

Lakini aliyeona Austria 2002 anajua bei ya njia hiyo. Rubens Barrichello wa Ferrari aliongoza siku ile mpaka mita za mwisho, akaamriwa amwachie mwenzake Michael Schumacher, katika raundi ya sita tu ya msimu ambao Schumacher alikwisha kushinda mara nne. Watazamaji walizomea, Schumacher akampandisha Barrichello kwenye ngazi ya juu ya jukwaa, Ferrari ikatozwa faini ya dola milioni moja, na amri za timu zikapigwa marufuku kuanzia 2003. Marufuku hiyo iliondolewa kabla ya msimu wa 2011, baada ya Ferrari kufanya jambo lilelile Ujerumani 2010 kwa lugha ya mafumbo, Felipe Massa akiambiwa redioni kwamba Fernando ana kasi kuliko yeye. Marufuku haikuleta haki. Ilileta mafumbo. Ndiyo maana sioni faida ya wale wanaotaka irudishwe sasa.

Mimi nasimama na usawa, na nasimama nao nikijua unaweza kuigharimu timu taji. Mtoto wa miaka minane anayeanza kart hafanyi hivyo ili siku moja aambiwe katika raundi ya sita kwamba amri imetoka. Ila usawa ninaoutetea ni wa mwanzo: gari sawa, taarifa sawa, zamu ya kuitwa inayofahamika. Kinachofuata baada ya hapo, injini, mvua, nati, kila mtu abebe chake. McLaren ilijaribu kusawazisha hata matokeo, na ikijaribu hivyo kila uamuzi unaanza kushukiwa. Angalia Qatar 2025. Mbio za mizunguko 57, matairi hayaruhusiwi kuzidi mizunguko 25, gari la usalama, lile linalowapunguza wote mwendo, linatoka mzunguko wa saba. Saba, jumlisha 25, jumlisha 25: 57 kamili. Karibu kila mtu aliingia kubadili matairi, McLaren wakabaki barabarani na magari yao yote mawili, na Piastri aliyekuwa akiongoza akapoteza mbio kwa Verstappen. Timu ilieleza kwamba haikutarajia wengine wote kuingia. Mashabiki wengi hawakuamini, wakasema timu iliogopa kumchelewesha Norris nyuma ya Piastri kwenye foleni ya mafundi. Mimi naikubali kauli ya timu, lakini shaka ile iliisababisha yenyewe, kwa sababu kanuni zake, zile zinazoitwa za papai kwa rangi ya magari, hakuna wa nje aliyewahi kuziona. Hata adhabu aliyopewa Norris kwa kumgusa Piastri Singapore ilitajwa bila kuelezwa, kisha ikafutwa baada ya magari yao kugongana tena Austin.

Ni vizuri pia kutazama raliani, mwaka uleule. Sébastien Ogier na Elfyn Evans, wote wa Toyota, walipigania ubingwa wa dunia hadi raundi ya mwisho Saudi Arabia, Ogier akashinda kwa pointi nne. Evans alikuwa ameshinda Safari Rally, Naivasha, ambako Ogier hakushiriki. Kule kila gari linashindana na saa, hakuna zamu ya kugombania matairi mapya, na malalamiko kama ya Monza ni nadra. Mbio za barabara moja hazina bahati hiyo.

Narudi kwenye zile pointi tatu, kwa kuwa hesabu niliyoanza nayo haijakamilika. Bila amri ya Monza, Norris angefika Abu Dhabi na pointi 405, Verstappen 396, Piastri 395. Verstappen alishinda siku ile, Piastri wa pili, Norris wa tatu. Kwa matokeo hayo Piastri asingekuwa na njia ya kuwa bingwa, lakini akimwachia Norris nafasi ya pili, Norris anafika 423 na taji linabaki McLaren. Zak Brown, mkuu wa kampuni, alikuwa amekwisha kusema kabla ya mbio kwamba dereva aliyebaki bila nafasi angeombwa kumsaidia mwenzake. Piastri angeombwa kumkabidhi ubingwa mtu aliyekuwa nyuma yake barabarani, mizunguko michache kabla ya bendera. Angekubali, nadhani. Alikubali Monza, akiwa ndiye anayeongoza dunia.