Eti mbinguni nafasi zinaisha? Tulipiga hesabu pale steji

Jumamosi asubuhi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, pasta mmoja alisimama na kipaza sauti karibu na steji ya boda, pale trela zinapopanga foleni kungoja kuvuka, akaanza na lile neno wanalolipenda, ndugu zangu mbinguni nafasi zinaisha, chukua yako leo. Sasa steji haikosi mtu, kulikuwa na broka wa viwanja amekalia pikipiki si yake anakula roleksi, ile chapati ya kuviringisha na mayai, akauliza bila hata kucheka, pasta, kwani ploti za huko ni ngapi kwa ngapi, futi hamsini kwa mia? Watu wakaangua kicheko. Mi nilicheka pia lakini swali lenyewe limenikaa kichwani, manake ukiliangalia vizuri ni swali halali, mtu akikwambia nafasi zinaisha amekupa habari ya kipimo.

Na kipimo kipo, Ufunuo sura ya 21. Malaika ana mwanzi wa dhahabu, anapima Yerusalemu mpya, anapata stadia 12,000, urefu na upana na kwenda juu vyote sawasawa, yani boksi. Stadia moja ni kama mita 185, kwa hiyo upande mmoja unafika km 2,220, hiyo ni karibu trela itoke Mombasa ifike Kampala halafu irudi. Sakafu peke yake inameza Uganda 20. Pale steji kuna kijana wa boda aliyefika S.6, yani kidato cha sita, na fizikia yake kabla karo haijamkatia njia, tunamwita Profesa, huyo akatoa simu akaanza kugawa. Wataalamu wanakadiria watu wote waliowahi kuzaliwa duniani ni kama bilioni 117, tuseme wote wameokoka, hata yule aliyeniibia helmeti mwezi wa pili, basi kila mmoja anapata mita za mraba 42 hapo chini. Broka akasikitika kabisa, hamsini kwa mia yake ni mita za mraba 465 hivi, hii ya mbinguni ni ya kupangisha chumba na sebule tu. Profesa akamwambia ngoja mzee, umesahau kwenda juu. Ukiweka dari kila mita 3 unapata ghorofa 740,000, au ukigawa nafasi yote bila dari, fungu la kila mtu ni boksi lenye mita 450 kila upande, fuga ng'ombe humo ukitaka. Shida ni lifti tu, hata ikienda mita 10 kwa sekunde, chini mpaka juu ni siku mbili na nusu, tena usiniulize stima ikikatika katikati.

Kwa hiyo kihesabu nafasi haziishi, pasta ametuongopea, au tuseme kwa heshima, hajasoma vipimo vya mji anaouza.

Wakati huo Hajji wa makaa alikuwa ametega sikio. Akasema nyie mnahesabu vyumba, hesabuni moto, hadithi ya Mtume inasema moto huu wetu wa duniani ni sehemu moja katika sehemu 70 za moto wa Jahanamu, na masahaba waliposikia wakasema wallahi huu huu ungetosha. (Jibu la kibinadamu kweli, mtu yeyote aliyewahi kushika sigiri na kidole anawaelewa.) Haya, makaa yakiwaka vizuri tuseme ni digrii 700, zidisha kwa 70 unapata 49,000. Lakini Profesa akakataa, akasema selsiasi huwezi kuzizidisha hivyo, sifuri yake ni pale maji yanapoganda tu, watu walichagua, lazima uanzie kwenye kelvini ambayo sifuri yake ni sifuri ya kweli, na ukifanya hivyo inatoka zaidi ya 67,000. Yani digrii kama 19,000 zimeongezeka kwa sababu ya mahali pa kuanzia kuhesabu! Zote mbili zinaliacha mbali jua, ambalo usoni pake ni kama 5,500. Upande wa Wakristo kuna ziwa la moto na kiberiti, na kiberiti hicho, salfa, kwa presha ya kawaida kinachemka digrii 444.6, kikipita hapo ni mvuke, si ziwa tena. Vijana wa kanisani wakashangilia kwamba kwao ni baridi zaidi, kama vile timu yao imefunga bao.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1972 jarida moja la elimu ya mwanga lilitoa hesabu ya utani kwamba mbinguni ni digrii 525, kwa hiyo kuna joto kuliko motoni, ikatumia aya ya Isaya ya jua kuongezewa nuru mara saba. Ni tamu, ila soma Isaya 30 mwenyewe, pale haongelei mbinguni kabisa, anaongelea siku Mungu atakapofunga vidonda vya watu wake.

Na hapo ndo upande wa pili, wa wanaosema namba hizi ni ishara tu, unapata nguvu, lazima nikubali. 12,000 ni 12 mara elfu, ukuta wa mji ni dhiraa 144 ambayo ni 12 mara 12, milango 12, misingi 12. Huyu mwandishi hakushika futikamba, alikuwa anasema kabila zote na mitume wote wamo, hakuna aliyeachwa nje. Hata 70 ya Hajji, ukimsikiliza vizuri, haikuja kukupa digrii, imekuja kukutoa usingizini. Kuweka themomita hapo ni kama mtu akwambie nimekungoja miaka mia halafu wewe unaomba cheti chake cha kuzaliwa. Bibi yangu kila tukitoka mazishi alikuwa anauliza, hivi huko kisima kiko karibu? Alibeba jerikeni kichwani tangu utoto mpaka shingo ikakataa. Mi na kilomita zangu zote 2,220 sikuwa na jibu la kumpa, na nadhani hakuwa anataka mita.

Lakini bado siwezi kumwambia Profesa afunge simu. Uganda hii tumeona Kanungu, watu waliambiwa dunia inaisha na mwaka 1999, wengine wakauza mali zao, tarehe ikapita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya kanisa. Bibi aliuliza tu. Kiongozi wa Kanungu alitaja tarehe. Mi naona mstari uko hapo, anayetaja kipimo ili nifanye haraka, nitoe, niuze, nisaini, huyo akubali kupimwa, tena mbele ya watu, na wa kucheka wacheke.

Jumatatu pasta alirudi palepale. Safari hii hakugusa nafasi hata kidogo, akasema ndugu zangu, muda ndo unaisha. Profesa akatoa simu, akamtazama, kisha akairudisha mfukoni, manake abiria wa Tororo alikuwa ashapanda.