Kwanza, Sikumgonga Mbuzi

Mbuzi alikuwepo, ndiyo, na alinitazama, lakini hatukugusana. Shoga yangu mwenye genge ameshairusha hadithi ya mimi, mbuzi na skeitibodi (ule ubao wenye magurudumu, unausimamia unateleza nao) kwenye makundi matatu ya WhatsApp tangu jana jioni, na leo asubuhi wamekuja wateja kuulizia nguo ambazo hata hawajaleta kitambaa chake, ilimradi walione goti langu. Kwa hiyo wacha niseme mwenyewe, kabla mbuzi hajawa ng'ombe.

Mnaonifuata hapa kwa mambo ya mishono mnajua kwamba tangu mwezi uliopita kibanda changu cha Makongo Juu kimegeuka gereji. Mpwa wangu alileta viroba viwili vya skeitibodi kuukuu, msaada kutoka Ujerumani: mbao zimekatika pua, ekseli zina kutu, magurudumu yameliwa upande. Nzima hakuna hata moja. Unachukua ubao wa hii, ekseli ya ile, magurudumu ya nyingine, unaunganisha moja inayotembea, na watoto wa kule bondeni wanapata cha kujifunzia. Hela ya skeitibodi mpya wazazi wao wakiipata watanunua bati kwanza, na watakuwa sahihi. Mpwa anafundisha Jumamosi. Fundi ni mimi, kwa kujiteua.

Na kuna kazi niliifanya vizuri, siwafichi. Skeitibodi ina magurudumu manne, kila gurudumu beringi mbili, jumla nane. Nilizilaza zote kwenye kopo la mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi nikazifuta kwa khanga kuukuu, kila moja nikaipa tone la mafuta ya cherehani. Gurudumu ukilipuliza kwa mdomo, linazunguka mpaka unasahau nani alilipuliza. Lishikeni hilo gurudumu, tutalirudia.

Shida ilikuwa nati ya kingpini, yaani ile bolti ya katikati ya ekseli; nati yake ndiyo ile kubwa inayoibana ekseli isipepesuke. Skeitibodi zinafungwa kwa inchi. Nati hiyo ni 9/16. Spana zangu ni za milimita. Ya 14 haiingii, ya 15 inacheza. Mwenye akili angepanda daladala hadi Gerezani kutafuta spana yake. Mimi nilichukua ya 15, nikaijaza kipande cha kitenge, nikakaza mpaka jasho likanitoka. Kilichokazika ni kitenge. Nati yenyewe ilikuwa kuukuu, kile kipete cha plastiki cha ndani kinachoizuia isijifungue kilishalika. Halafu (msiondoke, bado) bushi zake, vile vipete vya mpira vinavyoikalia ekseli, zilikuwa zimepasuka, nikakata mpya kutoka kwenye kandambili yangu ya bafuni. Ya buluu. Niliiweka picha hapa hapa, mkanimwagia makopakopa. Na nyinyi mna lawama yenu.

Jana sasa. Mpwa amekwama kwenye foleni ya Mwenge. Watoto kumi na mmoja wamekaa kwenye ukingo wa njia yetu ya pevingi, skeitibodi iko katikati, hakuna anayethubutu. Nikawatia moyo: Olimpiki ya Tokyo, ile iliyofanyika 2021, Momiji Nishiya wa Japani alichukua dhahabu ya mchezo huu akiwa na miaka 13! Katoto kamoja, kapole kabisa, kakauliza, "Kwani wewe shangazi una mingapi?"

Nina 46. Nikapanda.

Peku, na dera.

Nilikusudia kusimama tu, mnisikie. Lakini anayeijua njia yetu anajua kwamba pale kwenye genge inaonekana tambarare na si tambarare. Mara genge likaanza kurudi nyuma. Nikadhani shoga anahamisha meza. Kumbe ni yale magurudumu yangu, yale mazuri.

Pevingi na gurudumu gumu ni kama kusaga meno kwa mashine. Mwili wote unatetemeka, mashavu yanacheza, na ule msasa wa juu ya ubao unakukwangua nyayo kama mwiko unavyokwangua ukoko. Kushuka siwezi, kulia siwezi. Dera limejaa upepo, limekuwa tanga. Napita kwa kinyozi, nawaona vijana watatu wamegeuka pamoja, na mmoja wao, kwa malezi mema aliyopewa na mama yake, akasema, "Shikamoo mama."

Jamani. Nikamjibu.

"Ma-ma-ma-ma-rahaba, hu-hu-hujambo?"

Sijui kwa nini. Roho inatoka na adabu imebaki. Na wenzake nao wakaamkia! Nikaitikia zote tatu, huku mikono nimeinyoosha kama kuku anayerushwa ukutani, na kwa mbali nasikia watoto kumi na mmoja wanakuja mbio wakishangilia, maana wao wanaamini hili ndilo somo.

Ndipo nikaisikia. Chini ya mguu wa kushoto. Tik. Kitu kidogo cha chuma kinadunda kwenye pevingi, tik, tik, kinaniaga. Niliitambua sauti ile kama fundi anavyotambua sindano iliyokatika. Ekseli ya mbele ikaegemea kwenye kandambili, kandambili ikafanya iwezavyo, skeitibodi ikaanza kutikisa kichwa kushoto, kulia, kushoto, nami kiuno kinaifuata kama nimelipwa kwenye kibao kata. Hapo ndipo mbuzi alipo. Anatafuna ganda la ndizi. Akaacha kutafuna. Tukatazamana muda mrefu kuliko nilivyotazamana na mume wangu siku ya ndoa. Kisha pua ya ubao ikainama, yenyewe ikabaki pale, mimi nikaendelea.

Namshukuru Mungu na jirani anayejenga. Lilikuwa lundo la mchanga, tena laini. Niliingia kwa kifua, dera likaja juu ya kichwa, na ndani nilikuwa nimevaa bukta ya Yanga ya marehemu kaka yangu, jambo ambalo mtaa wetu wa Simba haukulijua. Sasa unalijua.

Goti, kiwiko, mchanga masikioni, panado, basi. Mpwa alifika akakuta watoto wamepanga foleni, wote wanataka "ile ya shangazi". Kale katoto ka miaka mingapi kakanifikia kwanza, kamekunja ngumi, kakaifungua taratibu. "Shangazi, hii si yako?"

Nati.

Mwenye spana ya 9/16, hata ya kuazima, aniambie kabla ya Jumamosi, maana zimebaki nyingine nne nilizozikaza kwa kitenge kile kile. Na hiyo video msinitumie tena. Ninayo. Nimetumiwa na mama mkwe.