Mita Moja ya Udongo

Chini ya nyumba yangu hapa London kuna ghala la makaa ya mawe lililochimbwa enzi za Malkia Victoria, na kimo chake ni mita moja na nusu tu, kwa hiyo kwa miaka 22 nimekuwa nikiingia humo nimeinama kama mtu anayekwenda kuomba posa. Mimi ni dereva wa basi, nina watoto watatu ambao wote wamekwisha kunipita urefu, na nyumba yenyewe imebanwa na nyumba za jirani kama abiria wa siti ya nyuma ya daladala. Ndipo mama watoto akaniuliza kwa nini tusishuke chini mita moja, tukapata chumba cha mwanetu mkubwa. Laiti ningemjibu kwamba nina zamu ya usiku.

Lililonishangaza kwanza ni kwamba, kama ningeridhika kuendelea kuinama, kwa kawaida ghala lile ningeweza kulipaka rangi na kuweka kiti bila kuiomba manispaa kibali. Lakini mtu akitaka kusimama wima ndani ya nyumba yake mwenyewe, akachimba na kuacha uwazi wa kuingiza mwanga upande wa barabarani, hapo ameshaingia katika mambo ya mipango miji. Ada ya ombi kuanzia Aprili 2025 ilikuwa paundi 528. Hadi Machi 2025 ilikuwa paundi 258, ila wakati huo nilikuwa nikimsubiri fundi anipunguzie bei, na hakunipunguzia.

Uamuzi hutolewa ndani ya wiki nane, maneno yaliyonifurahisha mpaka nilipoelezwa kwamba wiki hizo huanza kuhesabiwa siku karatasi zinapokamilika, nazo zangu zilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza mpaka wa kiwanja haukuchorwa kwa wino mwekundu. Mara ya pili mchoro haukuonyesha kaskazini. Kibla cha nyumba hii nakijua hata nikiwa usingizini, ila kaskazini sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote tangu nizaliwe.

Msanifu wangu wa majengo anasema tusiwalaumu maofisa, kwa kuwa waliozua tahadhari yote hii ni matajiri. Kule Kensington na Chelsea, upande wa matajiri wa London, watu walichimba ghorofa mbili na tatu kwenda chini, wakaweka mabwawa ya kuogelea, kumbi za sinema na maegesho ya magari, majirani wakivumilia vumbi na malori kwa miezi na miezi, hadi mwaka 2015 manispaa ya huko ilipoweka kanuni kwamba kwa kawaida ni ghorofa moja tu, na isizidi nusu ya bustani. Basi wao wanaogelea, na mimi ninayetafuta mahali pa kutandika kitanda ndiye ninayetakiwa kueleza malori yatapita njia ipi, mti wa jirani una mizizi kiasi gani, na maji ya mvua yatakwenda wapi.

Udongo nao una mambo yake. Sehemu kubwa ya London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, ambao kiangazi hunywea na masika huvimba, kwa hiyo huwezi kuchimba chini ya msingi kwa pupa. Unachimba kipande cha mita moja hivi, unamwaga zege, unangoja likauke, kisha unahamia kipande kingine kisichopakana na kile cha kwanza. Mhandisi alinichorea vipande hivyo na namba zake, nikaona kama ratiba ya zamu zetu pale depo.

Halafu kuna majirani, ambao wana sheria yao ya kuta za pamoja ya mwaka 1996, isiyohusiana hata kidogo na kibali cha manispaa. Unampelekea jirani notisi ya maandishi kwamba unataka kuchimba, naye akikaa kimya siku 14, kimya chake kinahesabiwa kuwa ni mgogoro. Kwetu bibi harusi akinyamaza tunasema amekubali! Bibi jirani wa mkono wa kushoto alinyamaza, na kwa kunyamaza huko akapata mkaguzi wake binafsi wa kuta, ambaye mimi ndiye ninayemlipa. Bado kila asubuhi ananisalimu kwa upendo na kuniuliza chumba kimefikia wapi.

Habari zilipofika Tanga, mjomba alinipigia simu usiku wa manane. Yeye anajua sababu moja tu ya mtu mzima kuchimba chini ya nyumba yake, nayo ni mali iliyofukiwa na Mjerumani enzi za ukoloni. Nilimweleza habari ya kitanda, akacheka sana, akasema, "Haya, mjomba, mie nimekuelewa. Ukizikuta hizo rupia usimwambie mtu."

Wiki iliyopita ofisa alikuja mwenyewe kuangalia, kijana mrefu, mpole, mwenye faili mkononi. Nilimwambia ainame. Akashuka ngazi huku akiniuliza swali, akajigonga kwenye boriti kishindo kikasikika hadi jikoni, akakaa kwenye ndoo ya rangi kwa muda akishika kichwa, nami moyoni nikasema sasa huyu amenielewa. Baada ya siku tatu ikaja barua kutoka ofisini kwake, ikinitaka nithibitishe kwa maandishi kimo cha dari kilichopo sasa.