Funga ukiwa bado na kitu kwenye droo

Wiki iliyopita rafiki yangu aliniuliza kama afunge tovuti yake ya katuni. Anatoza ada ya mwezi, ana wasomaji wanaompenda, na tangu aanze hajawahi kuona faida. Kila mwisho wa mwezi anamega mshahara wa kazi yake nyingine ili alipie seva na awape wachoraji wake wawili chochote. Nilimjibu papo hapo: funga, na ufunge mwezi huu. Akanyamaza kwenye simu muda mrefu, nikajua nimemuumiza. Naandika haya nimweleze vizuri zaidi, yeye na wengine walio katika hali yake, kwa nini nilijibu vile.

Mimi ni mchoraji. Miaka kadhaa iliyopita nilichorea tovuti moja ndogo iliyokuwa ikiuza hadithi za katuni za Kiswahili kwa ada ya mwezi. Jina lake sitalitaja. Ukurasa mmoja ulinila siku nzima: asubuhi nagawanya fremu na kuchora kwa penseli, mchana napiga wino, jioni naskani na kutuma. Rangi na maneno ya kwenye viputo tuliyaweka kwenye kompyuta ya ofisini, tukiwa wawili, mimi na mwenye tovuti, tukibishana kila neno. Mwaka wa kwanza nililipwa kila tarehe tano bila kukumbusha. Mwaka wa pili pesa zikaanza kuchelewa, baadaye zikawa zinakuja nusu nusu.

Mwenye tovuti hakuwa tapeli, na hilo nataka lieleweke. Alizipenda katuni kuliko sisi tuliozichora, na ndiyo maana alishindwa kufunga. "Kaka, tuvumiliane mwezi huu, hali itakaa sawa," aliniandikia. Mwezi uliofuata akaniandikia vilevile. Aliuza pikipiki. Alikopa kwenye kikoba cha mkewe. Siku seva ilipokatwa hakuwa na hata cha kuirudisha hewani kwa wiki moja ili tuchukue kazi zetu, na ile kompyuta ilikuwa imeshakwenda kwa mtu aliyekuwa akimdai. Wasomaji waliolipia mwaka mzima walifungua ukurasa wakakuta hakuna kitu. Wengine walinitafuta mimi wakiuliza pesa zao, kwa sababu jina langu ndilo lililokuwa chini ya picha.

Karatasi zangu za wino ninazo hadi leo, kwenye bahasha kubwa ya kaki juu ya kabati. Viputo vyake vyote ni vitupu.

Watu watamwambia rafiki yangu subira huvuta heri. Lakini hapa anayesubiri ni nani? Ni mchoraji mwenye kodi ya chumba, na msomaji aliyetoa pesa mbele. Mwenye tovuti akisema anavumilia, mara nyingi anavumilia kwa mifuko ya wenzake bila kukusudia. Na hesabu za biashara hii si za kuvumilia tu hadi zikae sawa. Marekani, mwaka 2002, Joey Manley alianzisha Modern Tales, tovuti iliyokusanya wachoraji wengi chini ya ada moja ya dola 2.95 kwa mwezi. Ukurasa mpya ulisomwa bure. Aliyetaka kurasa za nyuma ndiye aliyelipa. Wazo zuri kabisa, na kwa miaka ya mwanzo lilivutia watu wengi. Sasa tazama makato. PayPal, njia ya kulipana mtandaoni, kwa miaka mingi ilikuwa ikikata asilimia 2.9 ya malipo, na juu yake senti 30 kwa kila muamala. Kwenye dola 2.95 hizo ni karibu senti 39, yaani zaidi ya asilimia 13 imeondoka kabla hujalipa seva, kabla mchoraji hajaona chochote. Ile senti 30 ndiyo inayoua. Haijali kwamba bei yako ni ndogo. Sisi huku tunaopokea kwa simu tunaijua vizuri: muamala mdogo ndio unaoumizwa zaidi na makato.

Halafu kuna msomaji mwenyewe. Anajiunga Ijumaa, anasoma hadithi yote tangu mwanzo, Jumatatu anajitoa. Simlaumu, amelipa alichosoma. Ila kazi iliyomchukua mchoraji mwaka mzima imeisha kwa siku tatu na kwa ada ya mwezi mmoja, na wewe unatakiwa umtafute msomaji mwingine wa kuziba pengo lake. Pembeni kuna tovuti zinazoweka katuni za watu bure, bila ruhusa, saa chache tu baada ya kutoka. Mwenye subira anashindana na vyote hivyo kwa wakati mmoja.

Mtu anaweza kufikiri haya ni matatizo ya wadogo. Basi aitazame tovuti ya JManga. Mwezi wa Agosti 2011 wachapishaji wa Japani 39 waliungana kuwauzia katuni zao wasomaji wa Kiingereza mtandaoni. Hao ni watu wenye kazi zilizokwisha kupendwa na mamilioni, wenye wanasheria na wahariri. Machi 2013 wakatangaza wanafunga, na mwisho wa Mei mwaka huo mlango ukafungwa kabisa. Kilichowachoma wasomaji kuliko kufungwa kwenyewe ni kwamba vitabu walivyokuwa wamevinunua, kimoja kimoja, kwa pesa yao, vilisomeka ndani ya tovuti tu. Havikupakulika. Tovuti ilipozimika, na rafu ya kila mtu ilizimika nayo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema tovuti ikifa basi, ni biashara, tusonge mbele. Nyumbani kwetu kuna sanduku la marehemu mjomba lenye matoleo ya zamani ya Sani, lile jarida la katuni, yamekatika kingo na yana harufu ya vumbi, na wahusika wake Lodi Lofa na Ndumilakuwili bado wamo humo. Nimewasoma nikiwa mtoto na mwanangu amewasoma mwaka jana, amelala kifudifudi sakafuni akiniita kila akifika kwenye kichekesho. Mjomba alitoa pesa yake kwenye kibanda cha magazeti mara moja tu, wala hakuna uamuzi wa mtu yeyote ungeweza kuja kumnyang'anya. Msomaji wa mtandaoni anastahili kitu kama hicho. Na inawezekana: Julai 2014 ComiXology, lililokuwa duka kubwa la katuni za kidijitali, lilianza kuruhusu wanunuzi kupakua nakala zao katika faili za PDF na CBZ zisizo na kufuli, kwa vitabu vya wachapishaji waliokubali. Duka lenyewe likaja kumezwa na Kindle, duka la vitabu vya kidijitali la Amazon, na programu yake ikaondolewa Desemba 2023. Aliyekuwa amepakua faili zake hakupoteza ukurasa hata mmoja.

Kwa wachoraji jambo ni lilelile, ila uzito wake ni mkubwa zaidi. Modern Tales nayo ilifikia mwisho, na Manley mwenyewe alifariki Novemba 2013. Lakini miongoni mwa hadithi zilizoanza kutoka vipande vipande pale ilikuwamo American Born Chinese ya Gene Luen Yang. Ilitoka kama kitabu mwaka 2006, ikawa hadithi ya kwanza ya picha kuteuliwa kuwania National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu ya Marekani, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Printz, ya vitabu vya vijana. Sasa fikiria Yang angekuwa ameachiwa bahasha ya viputo vitupu kama mimi.

Kwa hiyo, rafiki yangu, ninaposema funga nina maana ya kitu mahususi. Kesho asubuhi zuia usajili mpya, usipokee hata ada ya mtu mmoja kwa kitu unachojua hakitakuwepo. Kisha kaa na daftari uandike unadaiwa nini na nani. Wachoraji wako wawili wanatangulia, walipwe hadi ukurasa wa mwisho, hata huo ambao haujatoka. Waandikie barua fupi yenye sahihi yako kwamba kazi zao ni zao, wanaweza kuzipeleka kokote, na uwape faili za ubora wa juu zenye maneno yaliyotenganishwa na picha. Waliolipia mwaka warudishie miezi iliyobaki. Wachoraji wakikubali, kila msomaji mpe hadithi aliyoilipia katika faili moja ya PDF, na umpe muda wa kutosha wa kuipakua, maana wako walio safarini, wako wasio na bando mpaka mwisho wa mwezi. Jina la tovuti liendelee kulipiwa mwaka mmoja zaidi, na kwenye ukurasa wake waeleze watu wawapate wapi wachoraji wako.

Yote hayo yanataka pesa, na sasa hivi unazo, si nyingi lakini unazo. Ukisubiri miezi sita mingine hutakuwa nazo, na utaanza kuzikwepa simu za watu wanaokupenda. Mwenye tovuti yangu alinikwepa hivyo. Tulikutana kituo cha daladala mwaka juzi, akainamisha kichwa, na mimi nikashindwa hata kumsalimia. Hilo limeniuma kuliko pesa.

Jana usiku nilishusha ile bahasha. Nimeanza na ukurasa wa kwanza, mama muuza samaki akimkabili mgambo sokoni, ameshika kisu cha kuparia magamba, mdomo wazi, na juu ya kichwa chake kiputo kikubwa cheupe. Nakumbuka tulibishana sana juu ya sentensi ile na kwamba mwishowe tulicheka wote wawili. Maneno yenyewe hayaji. Nimeweka penseli pembeni, nimempigia simu yule mwenye tovuti, na amesema Jumamosi atakuja tukae tuyakumbuke pamoja.